Mkato wa Pili

Lori la Venant lilikuwa na mshale wa petroli usiowahi kumpa mtu habari mbaya. Tangi lijae au likauke, mshale ulikaa palepale katikati, kama mgeni anayeulizwa kama ameshiba. Madereva wenzake wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, walikuwa wakipita dirishani mwake, wakauchungulia na kucheka.

"Huyu wako amekufa macho wazi," alisema Maige, aliyekuwa amepewa lori jipya mwaka ule. "Mzike basi, tule ubwabwa."

"Heri wangu maiti kuliko wako mwongo," Venant akamjibu. "Wangu siuulizi kitu. Wako unauuliza, unakujibu vizuri, halafu unakuacha porini."

Na hapo Maige mwenyewe akacheka, maana ilikuwa kweli. Mshale wake ulikaa kwenye kujaa tangu Mwanza mpaka Magu, mwenyewe akajiona ana ziwa zima la petroli. Ukishaanza kushuka, ulishuka kama jiwe kisimani. Lori likipanda mlima ulisema hivi, likiteremka ulisema vile, na kwenye kona ulicheza kama mtu aliye kwenye ngoma ya mbina. Kila dereva alikuwa na hesabu yake kichwani ya kuusahihisha mshale wake, kama mtu anavyojua kwamba saa ya nyumbani kwake inatangulia dakika kumi.

Venant hakutaka hesabu za kichwani. Alikata ufito wa mti wa mkole ulionyooka, akakausha tangi, akaliweka lori katikati ya uwanja wa jineri. Akamimina debe moja la petroli, akatumbukiza ufito, akautoa, akakata alama kwa kisu pale ulipolowa. Debe la pili, mkato wa pili. Hivyo hivyo mpaka wa sita. Debe moja, lori likiwa tupu, lilimpeleka maili arobaini. Likiwa na pamba, thelathini au pungufu.

Namba aliziandika mkewe, Odeta. Wakati huo alikuwa na miezi minne katika darasa la jioni la kina mama pale Kirumba, mtaa wao wa Mwanza. Alichoma msumari jikoni, akaketi kizingitini, akaunguza 1 kando ya mkato wa kwanza, 2 kando ya wa pili, ulimi ukimtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika kitu nje ya daftari.

Venant aliugeuza ufito huku na huku. "Sasa hata nikifa, mama Kashindye, lori utaendesha wewe."

"Ufe uende wapi, uniachie huyu anayenimaliza mifupa?" alisema Odeta, maana Kashindye, binti yao wa miaka miwili na ushee, alikuwa mgongoni kwake akimvuta nywele. Alibebwa hivyo hivyo mpaka darasani, akajifunza a, e, i, o, u kabla ya kujifunza kukaa kimya.

Hiyo ilikuwa 1961, mwaka ambao pamba ilizaa vizuri na watu walianza kuhesabu miezi iliyobaki kufikia Uhuru.

Mwezi wa saba Odeta alikwenda kwao Nassa, maili sitini kutoka mjini, kumsaidia mama yake kuchuma. Wiki ya pili Kashindye akapata homa. Siku ya kwanza walisema ni meno. Siku ya pili akakataa uji. Siku ya tatu, Ijumaa, mbavu zake zilikuwa zinaingia na kutoka kila anapovuta pumzi, na mganga wa zahanati alipomwekea sikio kifuani hakusema ni meno.

"Ni mapafu," alisema. "Hapa sina dawa yake. Mpelekeni hospitali ya mjini. Leo, kabla jua halijazama."

Odeta alirudi nyumbani mbio akiwaza basi, ambalo lilikuwa limeshapita alfajiri. Alipokata kona ya mawe makubwa yaliyo juu ya boma la mama yake, alisimama. Lori la Venant lilikuwa pale. Alikuwa ametumwa kuchukua pamba ya mnada wa pale kijijini, akaona apitie kwanza kumsalimu mwanawe.

Hakuuliza maneno mengi. Alimwangalia mtoto, akasema, "Pamba itanisubiri. Panda."

Betri ya lori lile ilikuwa imechoka tangu Machi, na hendeli ya kuliwashia ilikuwa imeshamvunja mtu mkono. Kwa hiyo popote alipolizima, Venant aliliegesha kwenye mteremko, pua chini, mawe mbele ya matairi. Ukiondoa mawe, lori linaserereka lenyewe, unaachia klachi, linanguruma. Na kwa mama mkwe mteremko haukuwa wa kutafutwa. Kijiji kizima kilikaa juu ya mteremko. Lori lilikuwa limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

Mama yake Odeta alitoka na mtoto akiwa amemfunika, akaja kusimama kwenye ubavu wa lori, palepale lilipo tangi. Venant alikuwa anakuja upande huo na ufito wake mkononi. Alipomwona, akarudi nyuma. Kwa watu wa pale mkwe wa kiume hasogeleani na mama mkwe. Hupishana kwa mbali, macho chini, na neno likiwepo hupitia kwa mtu wa tatu. Mama mkwe mwenyewe akaona amemzuia mkwewe, akataka kusogea, lakini mtoto akaanza kukohoa, akabaki amesimama akimpigapiga mgongoni.

Venant akaupitisha ufito juu ya boneti. "Mama Kashindye! Pima wewe, mimi niondoe mawe."

Odeta alifungua kifuniko, kilichokaa mwisho wa tangi upande wa pua, akatumbukiza ufito mpaka ukagonga chini, akauchomoa. Alama ya petroli ilimetameta kwenye ule mkato alioupa namba kwa mkono wake.

"Wa pili!" akapaza sauti.

"Kamili?"

"Kamili! Na mafuta yamepita kidogo!"

"Basi yanatosha, na yatabaki," ilijibu sauti ya Venant kutoka kwenye matairi. "Nilidhani yamepungua zaidi."

Madebe mawili, maili themanini. Mjini ni sitini. Odeta aliipiga hesabu hiyo huku anampokea mtoto, na ndani ya hofu yake yote kulikuwa na kitu kidogo kilichosimama wima: alikuwa amesoma mwenyewe, akajua.

Barabara ya Magu ilikuwa vumbi na mashimo. Venant aliendesha mkono mmoja ukiwa usukani na mwingine umekinga kichwa cha mtoto kisigonge mlango. Walifika Magu saa sita na nusu. Pampu ya petroli ilikuwa ya mzee Shaibu, na ilikuwa na kufuli. Ijumaa saa ile Shaibu na wote wenye kanzu walikuwa msikitini. Venant alipunguza mwendo.

"Tumsubiri? Nusu saa tu atakuwa ametoka."

Odeta alimtazama Kashindye. Pua zilikuwa zinapanuka. Nusu saa aliiona kama kitu chenye urefu, kama barabara nyingine.

"Yanatosha, baba Kashindye. Nimepima mwenyewe. Ni mkato wa pili."

"Nakuamini," alisema Venant, akakanyaga mafuta.

Walipita Nyanguge. Walikwenda kama maili nne mbele yake, mahali pasipo na nyumba, na upande wa kulia ziwa likaonekana kwa mbali, jeupe. Pale lori likakohoa mara moja, likaenda, likakohoa tena, likaenda kidogo kwa ukimya, matairi tu yakisikika, likasimama.

Venant aliteremka. Odeta alimsikia akifungua tangi, akamsikia ufito ukigonga chini ya bati, kavu, mara mbili. Kisha akalala chali akaingia chini ya lori. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa na mchanga kwenye nywele.

"Limevuja," alisema. "Jiwe limepiga tangi. Nimeliona tundu."

Mtu mmoja aitwaye Chenge alikuwa anapita na baiskeli amebeba viazi. Alivimwaga viazi kando ya barabara bila kuombwa mara mbili, akawapa baiskeli. Venant akafunga debe tupu kwenye kiti cha nyuma, akarudi Nyanguge kutafuta petroli. Alipofika nusu ya kilima aligeuka kuangalia, akasimama juu ya pedeli, akaendelea.

Ilikuwa kama saa nane. Jua lilikuwa bado juu sana. Kutoka pale mpaka hospitali zilikuwa maili kumi na sita.

Venant alirudi saa tisa na nusu, debe limejaa, shati limemganda. Odeta alikuwa ameketi kwenye kalavati, na Chenge alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Mtoto alikuwa amefunikwa mpaka usoni. Venant alimwona. Alisimama, akaegesha baiskeli ya watu taratibu isianguke, akafungua debe, akaanza kumimina petroli kwenye tangi. Alimimina lote. Odeta hakutazama chini ya lori. Angetazama, angeona hakuna tone lililodondoka.

Walimzika Nassa. Kwenye matanga watu walisema wanayosema watu, kwamba Mungu amempenda zaidi, kwamba nyie bado vijana. Lakini baba mdogo wake Odeta, Ndalahwa, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Siku ya kuanua tanga alisema mbele ya wote:

"Nauliza tu, jamani. Dereva asiyejua kwamba tangi lake limetoboka, huyo ni dereva au ni abiria?"

 Venant alikuwa ameketi kule mwisho, upande wa wakwe.

"Umeniuliza vizuri, baba," alisema. "Sikujua."

"Hukujua! Mjukuu wangu yuko chini, wewe hukujua!"

 Na Venant aliporudi mjini jineri ikamwondoa kwenye lori kwa kuiacha pamba ya watu mnadani na kuondoka na lori bila ruhusa. Akawekwa kufunga marobota ya pamba, na lori akakabidhiwa Maige aliendeshe kwa zamu na lile lake jipya.

Nyumba yao ya Kirumba ikawa na nafasi nyingi. Odeta hakurudi darasani. Alipika, akafua, akasahau jiko linawaka. Kila baada ya majuma mawili Ndalahwa alimletea salamu kwa watu wa basi: rudi nyumbani, mwanangu, huyo mume hana macho. Mwanzoni alikuwa anazipuuza. Baadaye akaanza kuzisikiliza. Mtu akikupa kisu cha kumkatia mwingine, mkono huzoea mpini wake kidogo kidogo. Ni kweli, alijiambia, angelichungulia tangi pale Magu. Ni kazi yake kuchungulia. Akawa anaweka chakula cha Venant mezani na kugeukia dirishani. Venant alikula alichoweza, akasema "ahsante, mama," akatoka nje. Hakuna hata siku moja aliyomwita tena mama Kashindye.

Mwezi wa kumi na moja Maige alipita kuwajulia hali, na kumkuta Odeta peke yake.

"Shemeji, habari za siku?"

"Za siku ni hizi, Maige. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kumsengenya mumeo. Lile lori alilonirithisha ni kichaa! Mshale umekufa, betri nayo ndiyo hiyo, na ule ufito wake sithubutu kuutupa, nasikia atanifunga robota moja na pamba."

Odeta alitabasamu kwa adabu. "Na tangi waliliziba vizuri?"

"Tangi gani?"

"Lililotobolewa na jiwe."

Maige alikuna shingo. "Shemeji, tangi lile halina hata kiraka. Jumatatu baada ya msiba nililijaza mwenyewe, likaenda mpaka Shinyanga na kurudi. Nilidhani petroli ilikwisha tu, kama inavyokwisha." Halafu akaona uso wake, akaaga haraka.

Odeta alibaki amesimama na kikombe. Tangi halikutoboka. Basi petroli ilikwenda wapi? Wazo baya lilikuja la kwanza, kama kawaida: aliiuza. Madereva wanajulikana, wananyonya petroli kwa mpira na kuiuza vichochoroni. Lakini aliiuza lini? Alikuwa ameipima mwenyewe. Wa pili, na yamepita kidogo. Na baada ya hapo hawakusimama popote. Aliugeuza mwendo ule wote kichwani, Nassa, Magu, Nyanguge, na kila alipofika mwisho, madebe mawili yalikuwa yamekuwa moja na hakuna aliyeyagusa.

Siku tatu baadaye mwalimu wake, Justa, alimfuata nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti kubwa, aliyefundisha watoto asubuhi na mama zao jioni.

"Odeta, Uhuru ni mwezi ujao. Utaupokea umekaa hivyo?"

"Mwalimu, kichwa changu hakishiki kitu."

"Nani kasema kishike? Kije tu kikae na vichwa vingine."

Akaenda. Jioni ile jua lilikuwa linaingia moja kwa moja mlangoni, na kina mama kumi na wawili walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Justa alichora chupa ubaoni, imesimama, maji nusu. Kando yake akachora chupa nyingine, hiyo imeinama upande, tupu.

"Maji ni yale yale. Njooni mmoja mmoja mnichoree yalivyokaa."

Wakaja. Wa kwanza akachora mstari unaofuata kitako cha chupa, umeinama pamoja na chupa. Wa pili vivyo hivyo. Odeta naye vivyo hivyo. Justa akatoa chupa ya kweli kutoka mfukoni, yenye maji aliyoyatia rangi ya zambarau, akaiinua dirishani, kisha akaiinamisha polepole.

Darasa likapiga kelele. Chupa iliinama, maji yakakataa. Yalibaki sawa, kama sakafu, yakapanda ubavu mmoja na kukimbia mwingine.

"Mmeshika ndoo tangu mkiwa na miaka mitano," alisema Justa, "na hamjawahi kuyaangalia! Maji hayamfuati mwenye chombo. Hata fundi mwashi anapimia hivi."

Walicheka, wakasukumana. Mmoja akasema, "Kumbe mume wangu akinywa, ni chupa ndiyo inayolewa, pombe yenyewe imetulia!" Wakacheka zaidi.

Odeta alinyoosha mkono. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Mwalimu. Mtu akitumbukiza kijiti huku upande ulioinama. Kupima."

"Atapata mengi," alisema Justa. "Akitumbukiza upande wa juu atapata kidogo. Na chupa ikisimama atakuta yote mawili yalikuwa uongo. Swali zuri, Odeta. Umelitoa wapi?"

 Odeta alikuwa anaangalia ile rangi ya zambarau ilivyojikusanya kwenye pembe ya chini, na aliliona lori limeinama kama ng'ombe anayekunywa, na mdomo wa tangi uko mbele, upande wa pua, upande wa chini. Alikusanya daftari lake, akalifunga kwenye kanga, akatoka. Wenzake walidhani amekumbuka mtoto, na hawakukosea.

Venant alikuwa uani anakata kuni. Odeta alisimama mbele yake.

"Tangi halikutoboka."

Shoka lilibaki kwenye gogo.

"Nani amekwambia?"

"Maji yamenambia. Lori lilikuwa mteremkoni. Nilipima mteremkoni. Ulikuwa ni mkato wa kwanza, Venant. Nilisoma wa pili, nikakataza tusisimame Magu." Alikuwa hapumui vizuri. "Ulijua lini?"

Aliketi juu ya gogo. Alijipangusa mikono kwenye suruali, muda mrefu, kana kwamba inaweza kuisha uchafu.

"Palepale barabarani. Nililala chini ya tangi, nikalipapasa lote. Zima. Nikajiuliza petroli imekwenda wapi, na nikaona kwamba lori sasa liko tambarare, na asubuhi halikuwa. Nikasikia kama nimepigwa. Mimi siku zote napima uwanjani kwa jineri kabla sijatoka, Odeta. Siku zote. Lakini hakuna siku niliyojiuliza kwa nini pale penye tambarare. Nilikuwa najua bila kujua kwamba najua. Ningekuwa mimi na ufito siku ile, huenda ningekumbuka. Huenda nisingekumbuka."

"Na ukasema jiwe."

"Ulikuwa umempakata. Nikatoka chini ya lori, nikakuona umempakata. Ningesema nini?"

"Ungesema kweli!"

"Ungeipeleka wapi?" alisema, na sauti yake ikakatika. "Ungekuwa unautumbukiza ule ufito kila siku mpaka unakufa. Mimi ni mwanamume, nikaona nitaweza kuubeba. Ndalahwa aseme, jineri waseme. Na wewe useme. Nilikuona unavyogeukia dirishani, nikasema afadhali. Afadhali unichukie mimi."

Odeta aliketi chini pale pale kwenye magome ya kuni. Kwa miezi minne alikuwa amemnyima mtu huyu hata uso. Aliweka kichwa kwenye goti lake, na Venant akaweka mkono kwenye kitambaa chake cha kichwa, na walilia kama ambavyo hawakulia Nassa, ambako kulikuwa na wa kuwabembeleza.

Alipoweza kusema, alisema, "Nitakwenda kumwambia mama."

"Usiende. Yamepita."

"Hayajapita. Wanakuita kipofu kwa macho yangu."

Jumamosi alipanda basi la alfajiri. Walipopita lile kalavati alifumba macho, kisha akayafumbua, kwa sababu hakutaka kulipita kama mwizi.

Mama yake alikuwa anapalilia mahindi nyuma ya nyumba. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Odeta alipiga goti. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Baba yako mdogo atafurahi."

"Sikurudi. Nimekuja kusema."

Akasema. Alisema yote, wima, katikati ya matuta: ufito, mteremko, chupa ya mwalimu Justa, kufuli la Shaibu, na namna alivyosema yanatosha. Alieleza mara mbili jinsi petroli inavyokaa, kwa viganja, maana aliogopa mama hataelewa na atabaki kumlaumu Venant. Alisema Venant alidanganya ili kumfunika. Alisema, "Ni mimi niliyepima. Mwambie na baba mdogo. Au nitamwambia mwenyewe."

Mama yake alikuwa ameegemea jembe. Alitazama kule juu kwenye mawe, ambako nyasi zilikuwa zimeota juu ya alama za matairi. 

"Ndalahwa nitamwambia mimi," alisema. "Na mumeo... na mkwe wangu aje, hata kama ni kusimama kule ng'ambo. Aje ale."  Halafu akalitupa jembe chini. "Odeta, tangu mwezi wa saba naambiwa habari za tangi. Watu wote wanaokuja hapa wananiambia tangi. Leo nawe umekuja na tangi. Petroli nimeisikia, mwanangu, nimeijua mpaka ilivyolala. Mjukuu wangu sijamsikia. Alitoka mikononi mwangu anakohoa, akarudi amefungwa. Hakuna mtu aliyeniambia alikuwaje."

 Odeta hakuwahi kumwambia mtu. Hata Venant hakuuliza, kwa hofu.

"Njoo ukae," alisema mama yake, akamshika mkono, wakaketi juu ya tuta, udongo ukiwa bado na unyevu. "Niambie habari za mtoto."

"Alikuwa na kiu," alisema Odeta. "Chenge alikuwa na maji kwenye kibuyu. Akanywa. Akapenda kile kibuyu, akakishika shingoni kama anamshika mtu."

"Ee."

"Halafu wakapita ng'ombe. Wengi, wanakwenda ziwani. Akaniambia, wa bibi. Nikasema hapana, wa watu. Akasema, wa bibi. Nikamwambia ndiyo, wa bibi, wote."

Mama yake alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Akataka kuwahesabu. Unajua anavyohesabu. Moja, mbili, moja, mbili. Alikuwa ananyoosha kidole, na kila kinapochoka nakishikilia kwa mkono wangu, tunaendelea. Hakulia, mayu. Ng'ombe walikuwa wengi kweli kweli, na vumbi, na yule wa mwisho alikuwa mweupe ana kengele..."

"Mweupe wote?"

"Mweupe, mguu mmoja mweusi."

"Ee, mwanangu. Endelea."